Redio ya Gari na Sikio Lake

Magari yateremshwayo kila uchao katika bandari ya Kilindini, mengi yao yametumika Japani kabla ya kuletwa kwetu. Mwenyewe hulipa ushuru, akalisajili, akalipeleka kwa fundi likatazamwa breki na springi. Siku ya kwanza avukapo daraja la Nyali na watu wa nyumbani kwake, ndipo agunduapo kuwa redio imo, taa zawaka, spika ni nzuri, lakini kituo alichokizoea hakipatikani. Ajaribu kutafuta mwanzo hadi mwisho, asikie mvumo mtupu na labda vituo viwili vitatu ambavyo hakuvitaka. Jioni yake barazani utamsikia akisema kwamba redio za Kijapani ni mbovu.

La hasha, si mbovu. Redio ile yasikia vyema, ila yasikia masafa ya kwao. Huko Japani FM ilipangiwa kuanzia megahezi 76 mpaka 90. Baada ya runinga za mtindo wa zamani kuzimwa na nafasi zao kubaki wazi, wakaiongeza ikafika 95. Sisi hapa Kenya FM yetu ni kuanzia 87.5 mpaka 108. Sasa msomaji piga hesabu: redio iishiayo 90 yatupatia kipande cha 87.5 hadi 90, basi. Iishiayo 95 ina afadhali. Vituo vyote vilivyo juu ya hapo, gari ni kiziwi kwavyo, hata kama mtambo wa kurushia uko mbele ya macho yako.

Dawa iliyoenea sana ni kile kijisanduku kidogo ambacho mafundi hukiita ekspanda. Neno runinga tuliundiwa na marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyetutoka mwaka 2017, na laiti angaliwahi kutuundia na la kidude hiki. Mimi nitakiita kipanuzi. Huwekwa baina ya waya wa eriali na redio, kikapewa umeme wa gari wa volti 12. Kazi yake ni kuyashusha masafa yatokayo hewani kwa kiwango maalumu, hata redio ikadhani matangazo yale yatoka Tokyo. Kiwango chenyewe huandikwa juu ya kijisanduku. Kikiwa ni 16, kituo cha 98 utakikuta kwenye 82, na cha 103.1 utakikuta kwenye 87.1.

Ila kipanuzi hakipanui kitu, na hapa ndipo wengi wauziwapo mbuzi kwenye gunia. Dirisha la redio ni lile lile. Lililofanyika ni kulisogeza. Redio ya 76 mpaka 90 ikitiwa kipanuzi cha 16 itasikia 92 mpaka 106. Kituo chako cha mawaidha kikiwa kwenye 91, umekipoteza, na kilicho juu ya 106 pia umekipoteza. Tena hutokea vituo viwili kukutana mahali pamoja, kwani kituo chenye nguvu cha 88 chaweza kupenya moja kwa moja na kugombana na kile cha 104 kilichoshushwa hapo hapo. Basi kabla ya kutoa fedha, andika kwenye karatasi vituo uvipendavyo na masafa yao, kisha mtake fundi akuonyeshe kipanuzi ambacho hesabu yake yavichukua. Fundi asiyejua nambari ya kijisanduku anachokuuzia, muage kwa salama uende kwa mwingine. Mwenye uwezo hung'oa redio yote akatia nyingine isikiayo mpaka 108, na kwa kweli hiyo ndiyo njia iliyo safi.

Mtu aweza kuuliza, redio ya gari ni kitu gani hata tuiandikie ukurasa mzima? Mimi nasema ni jambo kubwa kwa watu wetu. Mwenye teksi aliye ndani ya gari lake toka alfajiri hadi usiku hana wasaa wa gazeti wala runinga. Mawaidha, habari za mwezi kuandama, mashairi yasomwayo hewani, hayo yote yamfikia kwa redio au hayamfikii. Gari lisilosikia Kiswahili cha Pwani litasikia cha kwingine, na watoto walioketi nyuma ndicho watakachokishika.

Na katika Ramadhani ndipo thamani yake ionekanapo. Hapa nitaingiza jambo ambalo madereva wa njia ya Nairobi huliuliza. Jua huchwa Mombasa kabla ya kuchwa Voi, tofauti ya dakika nne na zaidi kidogo, kwani kila nyuzi moja ya longitudo ni dakika nne. Hata pale Mackinnon Road, kwenye msikiti wa Sayyid Baghali ambapo wasafiri wengi hupumzika, iko tofauti ya dakika mbili na ushei. Kwa hivyo adhana ya Magharibi itangazwayo kwa saa za Mombasa, ikimfikia aliye Voi kwa mtambo wa huko, yamfikia jua lake halijachwa. Redio yake haina kosa. Aitazame saa na ratiba ya mji aliomo.

Sasa ndugu zetu walioko Ulaya wana uziwi wa namna nyingine. Huko gari laweza kuwa zima, la nchi ile ile, na redio yake isisikie kwa sababu matangazo yamehama. Norwei ndiyo iliyotangulia. Kuanzia tarehe 11 Januari 2017, wakianza na mkoa wa Nordland kaskazini, walizima FM ya vituo vya taifa jimbo baada ya jimbo, na kufikia tarehe 13 Desemba mwaka huo kazi ikawa imekwisha. Vituo vidogo vya mitaa vilibaki kwenye FM, lakini sauti ya taifa ikahamia redio ya dijitali, iitwayo DAB. Mwenye gari asiyelitia chombo kipya aliachwa na barabara yake na milima yake, kimya. Uingereza haikufanya vile. BBC ilianza DAB tangu Septemba 1995, na FM ikaendelea ubavuni mwake. Jumuiya ya Ulaya nayo, kuanzia Desemba 2020, ikataka kila gari jipya lenye redio liwe na uwezo wa kupokea dijitali.

Kwa Waislamu wa Uingereza jambo hili lina uzito wake. Kwa miaka mingi redio zao za Ramadhani zilikuwa zikipewa leseni za FM za muda mfupi tu. Baadaye leseni za dijitali za eneo dogo, mji mmoja au sehemu ya mji, zikaanza kutolewa, na jumuiya ndogo zikapata pa kusemea mwaka mzima. Lakini vituo vingi vya namna hiyo hutumia DAB+, mtindo uliotoka 2007, na redio za dijitali za kale haziufahamu. Kwa hivyo aliye Luton au Leicester anunuapo redio kuukuu kwa bei ya chini, atazipata za BBC, na ile ya msikitini kwake asiipate. Herufi tatu na ile alama ya kujumlisha azitafute kwanza, bei baadaye.

Dijitali yafanyaje kazi? FM hulipa wimbi sauti kama ilivyo. Dijitali huigeuza sauti kuwa tarakimu, ikazifunga pamoja tarakimu za vituo vingi katika wimbi moja baina ya megahezi 174 na 240, na redio ikazifungua. Faida yake ni kwamba mwangwi wa majumba na milima, ambao huifanya FM itete ndani ya gari liendalo, dijitali huutumia kwa manufaa yake, maadamu haukuchelewa mno. Hasara yake ni kwamba haina kufifia. FM ikikuishia hukuaga kwanza, huvuma, huja na kwenda. Dijitali ni safi mpaka mwisho, kisha yabubujika kidogo kama asemaye ndani ya maji, kisha kimya kabisa. Tena huchelewa kwa sekunde kadhaa, kwa kuwa kufunga na kufungua kwataka muda; asiyetaka saa yake ipotee asiirekebishe kwa mlio wa redio hiyo.

Kulitia gari la zamani dijitali, bora kuliko yote ni kubadilisha redio yenyewe. Asiyetaka kuharibu sura ya dashibodi hununua kipokezi kidogo cha kubandika, ambacho huipeleka sauti kwenye redio ya zamani. Ikiwa redio ina tundu la kuchomekea waya wa sauti, tumia waya, usifikiri mara mbili. Visipokuwapo tundu wala waya, kipokezi hurusha kijimtangazo cha FM ndani ya gari, nayo redio ikakinasa. Njia hii ndiyo dhaifu, kwani mjini kupata nafasi tupu kwenye FM ni taabu, na kila ufikapo mji mwingine huna budi kutafuta nafasi nyingine.

Walakini, malalamiko mengi ya dijitali kwenye magari hayatokani na redio. Yatokana na sikio lake, yaani eriali. Eriali ya FM hutaka urefu wa sentimita 75 hivi, robo ya wimbi. Ya dijitali yatosha 34 hivi. Mahali pake pazuri ni juu ya paa, imesimama wima, kwa kuwa bati la paa ni nusu ya eriali yenyewe. Wengi huogopa kutoboa paa, wakabandika ile ya utepe kwenye kioo cha mbele. Si vibaya, lakini ina masharti mawili ambayo wabandikaji wavivu huyapuuza. La kwanza, ile karatasi ya madini iliyo upande mmoja haina budi kugusa chuma cha nguzo ya kioo, chini ya ule mfuniko wa plastiki. Ikigusa plastiki, eriali haina ardhi na usikivu wake hupungua sana. La pili, kioo kisiwe cha namna ile iliyopakwa utando wa madini wa kuzuia jua, maana utando huo huyarudisha mawimbi kama ukuta.

Kuna na kisa cha waya wa buluu, na hiki chatuhusu sisi wa Pwani sawasawa na wao. Magari mengi yana eriali iliyochorwa ndani ya kioo cha nyuma, na nyuma yake mna kikuza nguvu kidogo kitakacho umeme. Umeme huo hutoka kwenye redio. Fundi akitoa redio ya asili na kutia mpya bila kuunganisha waya ule, ambao aghalabu ni wa buluu au buluu yenye mstari mweupe, eriali yalala usingizi, na redio ya fedha nyingi yasikia vituo vya jirani tu. Mwenye gari hurudi kwa muuzaji kwa ghadhabu, akabadilishiwa redio, na mpya ikafanya vile vile. Katika baadhi ya magari ya Ulaya umeme huo hupita ndani ya kebo ya eriali yenyewe, na hapo huhitajika kiungo maalumu.

Adui mwingine ni vidude vya kuchomeka. Chaja rahisi za simu, kamera za kioo cha mbele na baadhi ya taa za LED hutoa makelele ya umeme ambayo sikio la binadamu halisikii, ila la redio lasikia. Jaribio lake halina gharama: ingia mahali ambapo kituo kinapatikana kwa shida, chomoa kila kitu, sikiliza, kisha rudisha kimoja kimoja. Kile kitakachoizima redio umekijua. Ukisikia mlio upandao na kushuka kwa mwendo wa injini, chunguza altaneta na waya wa ardhi wa redio.

Kwetu sisi iko na chumvi. Gari lilalalo Likoni, Kizingo au Shimo la Tewa lavuta upepo wa bahari usiku kucha, na chumvi yaingia kwenye shina la eriali, pale iliposhikana na bati. Kwa nje yaonekana nzima. Ifungue, na ukikuta ukoga wa kijani au kutu, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, paka grisi kidogo kuzunguka, kaza tena, na kabla ya kununua kitu chochote washa redio usikilize.