Clara Schumann na Urithi wa Piano

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Clara Wieck alizaliwa mwaka 1819 katika mji wa Leipzig, Ujerumani. Baba yake, mwalimu wa muziki, alimfundisha piano saa moja kila siku, kisha humwachia afanye mazoezi kwa saa mbili. Matembezi ya nje nayo yalikuwa lazima, ili mwili upate afya. Akiwa na umri wa miaka 9 alipiga piano mbele ya hadhara.

Lakini baba huyo alipomkatalia kuolewa na mtunzi wa muziki, Robert Schumann, shauri lilifika mahakamani. Walioana mwaka 1840, wakajaliwa watoto 8. Mwaka 1854 Robert alizidiwa na maradhi ya akili, akalazwa, na mwaka 1856 akafariki. Clara aliachiwa watoto 7 walio hai. Alisafiri nchi baada ya nchi akipiga piano, akawalea kwa jasho lake; onyesho lake la mwisho lilikuwa mwaka 1891.

Wazazi wenzangu, tuwafunze watoto kazi mapema na kwa kiasi, wala tusisahau kwamba ujuzi huo ni mali yao.