Chimelong ya Guangzhou: ilianza na meza za mkahawa

Muulize mtoto wa Maskati au Dubai ambaye baba yake ni mfanyabiashara: Guangzhou ni nini? Atakwambia ni makontena, ni vitambaa, ni mizigo ya baba inayopimwa uwanja wa ndege. Baba huenda Aprili, akarudi, akaenda tena Oktoba, anafuata Maonyesho ya Canton yaliyoanza mwaka 1957. Mama naye akibahatika kufuatana naye, siku zote zinaishia kwenye maduka ya mikoba. Watoto hubaki kwa bibi.

Sasa mambo yanageuka. Watu wa Imarati wanaingia China bila viza tangu 2018, na Juni 2025 mlango ukafunguliwa, kwa majaribio, kwa wa Omani, Saudia, Kuwait na Bahrain, siku 30. Basi kila mama anayepanga safari swali lake ni moja: watoto nitawapeleka wapi? Ukiwauliza wenyeji wa mji watakujibu Chimelong, iliyopo Panyu, kusini ya mji. Na mimi mwalimu mstaafu nina maradhi ya tarehe, mahala sipaelewi mpaka nijue palianza lini.

Chimelong ilianza 1989, na haikuanza na mnyama wala bembea. Ilianza na mkahawa mkubwa uitwao Xiangjiang. Mwenyewe, Su Zhigang, ni mtu wa familia ya wakulima, na kabla ya hapo alikuwa akiuza nyama ya nguruwe (msishtuke, ndiyo biashara ya huko). Alichokijua ni kulisha watu, na katika mkahawa wa Kichina watu huja ukoo mzima, babu mpaka mjukuu, wakazunguka meza moja. Naona siri yote ya kampuni ile imo katika meza hiyo. Kila walichoongeza baadaye kilikuwa cha kuuzuia ukoo ule usiondoke mapema.

Desemba 1997 wakafungua mbuga ya wanyama, ile ambayo gari linapita katikati ya wanyama. Mwaka 2000 likaja swala la usiku: jua likizama watu wanarudi makwao, sasa tufanye nini? Wakaanzisha sarakasi ya usiku yenye wasanii wa nchi mbalimbali. Mwaka 2001 wakajenga hoteli, ndani mna ua wenye simbamarara weupe, unakula huku unawatazama kwa kioo. Aprili 2006 ikaja bustani ya michezo, na treni yake inayokupindua kichwa chini mara 10. Wakati ule ilikuwa moja tu nyengine duniani ya namna hiyo, Thorpe Park kule Uingereza, na rekodi yao ilidumu mpaka 2013. Mwisho wa mwaka huohuo wa 2006 treni ya chini ya ardhi, laini ya 3, ikafika mlangoni, stesheni ya Hanxi Changlong. Kwangu hii ni tarehe kubwa kuliko ile ya treni ya kupinduka, maana tangu hapo hata familia isiyo na gari inafika.

Bustani ya maji ilifunguliwa 2007. Mwaka 2019 waliingia watu zaidi ya milioni 3, na imekuwa ikihesabiwa ndiyo inayotembelewa zaidi duniani kote katika bustani za maji.

Tarehe 29 Julai 2014 panda aitwaye Juxiao alizaa watoto watatu kwa mpigo, na wote wakaishi, jambo ambalo halikuwahi kujulikana kabla yake. Mengmeng, Shuaishuai na Kuku. Ukienda na watoto, hapa ndipo watakaposimama wasitake kuondoka.

Lakini mwaka huohuo wa 2014 kampuni ilifungua pia bustani ya bahari, Ocean Kingdom, yenye tangi moja la lita milioni 22.7. Sikilizeni vizuri: hiyo haipo Guangzhou. Ipo Hengqin, katika mji wa Zhuhai, karibu na Macau. Jina ni lilelile Chimelong, na tiketi ukizikata kwa haraka unajikuta umelipia mji mwengine. Huko ndiko walikofungua Septemba 2023 jengo kubwa la Spaceship, miezi michache tu baada ya SeaWorld kufunguliwa Abu Dhabi.

Na huko huko Zhuhai ndiko lilipo jambo linalonikera. Mwaka 2017 walionyesha kituo cha kuzalisha nyangumi aina ya orka, na watetezi wa wanyama wakapiga kelele. Mimi niko upande wao. Mnyama anayeogelea bahari nzima hatoshi katika tangi, hata likiwa kubwa vipi. Panda ni mwengine, pale anazalishwa kwa sababu walikuwa wanapungua. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuelezwa tofauti hiyo, na afadhali aelezwe kabla ya tiketi kukatwa.

Twiga nao wana khabari yao. Mwaka 1415 ujumbe wa Malindi ulimpelekea mfalme wa Ming twiga, Wachina wakadhani ndiye mnyama wa baraka wa hadithi zao, qilin. Na mtoto wa Maskati anayelipita kila siku jahazi la Sohar pale Al Bustan, mwambieni jahazi lile, lililoshonwa kwa kamba bila msumari, liliondoka Omani Novemba 1980 likafika Guangzhou 1981. Atatembea kifua mbele.

Mambo ya kuchukua: pasipoti za wote, na chakula kitafuteni asubuhi Xiaobei kabla ya kutoka, kuna mikahawa ya Kiarabu na ya Waislamu wa China. Kibao chenye maandishi 清真 maana yake halali.

Na kina baba, msiseme hamna nafasi. Sarakasi ni ya usiku. Angalieni ratiba tu. Mkimaliza shughuli Pazhou pandeni laini ya 8 mpaka Kecun, mbadilishe laini ya 3, mshuke Hanxi Changlong. Watoto watakuwa mlangoni wanakungojeni.