Nani Anamchagua Waziri wa Kwanza?

Mwaka 2024, huku Munigi, mama mmoja aliyekimbia vita ya Rutshuru aliniuliza kisha Misa: «Padri, huyu Waziri wa Kwanza, tulimpigia kura siku gani?» Wakatekista wengi wanaulizwa vile, na yafaa wajue kujibu.

Hakuna raia anayempigia Waziri wa Kwanza kura. Raia wanamchagua Raisi, na siku ileile wanachagua madepite. Katiba ya 2006, katika artikulo 78, yasema Raisi anamtwaa Waziri wa Kwanza katika kundi lenye wingi wa madepite. Kama wingi haujaonekana, Raisi anamtuma mtu autafute kwa siku 30, na siku hizo zaweza kuongezwa mara moja.

Tuangalie uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023. Vyama vilikuwa vingi mno, na hakuna kimoja kilichofika nusu ya viti 500. Ndiyo sababu Augustin Kabuya alitumwa, Februari 2024, kuutafuta ule wingi. Tarehe 1 Aprili Raisi akamtaja Judith Suminwa, mwanamke wa kwanza katika kazi hii. Kumbe kazi ngumu ilikuwa bado! Kila chama kilicholeta madepite kilingoja wizara yake, na majadiliano yakaendelea karibu miezi miwili, hata majina 54 yakatangazwa tarehe 29 Mei. Mimi naona ndiyo sababu serikali zetu ni kubwa hivi.

Lakini kutajwa si kutawala. Kwa artikulo 90, Waziri wa Kwanza analeta mpango wake wa kazi mbele ya Bunge, na zaidi ya nusu ya madepite wapaswa kuukubali. Suminwa alipata kura 397 tarehe 12 Juni, karibu miezi sita kisha uchaguzi. Njia hii si mpya: mwaka 1960 Lumumba naye alipaswa kupatana na vyama vingine, akapata kura 74 katika Baraza la watu 137. Na Bunge linalokubali serikali laweza kuiondoa. Ilunga Ilunkamba aliangushwa hivyo Januari 2021.

Basi, yule mama? Jibu lake lina kipande kingine. Rutshuru na Masisi hawakupiga kura sababu ya vita, wala Kwamouth kule magharibi. Tarehe 12 Juni hakukuwa na depite wao wa kusema ndiyo wala hapana. Nilipomweleza hayo alinyamaza, kisha akauliza uchaguzi mwingine utakuwa mwaka gani.