Tugange kwa Lugha Gani?

Methali isemayo “yaliyopita si ndwele, tugange yajayo” hutajwa aghalabu watu wanapopatanishwa, na wanafunzi wetu huiandika katika insha bila kuyahoji maneno yake. Ndwele ni ugonjwa. Kuganga ni kutibu, na mzizi wake tunaukuta kwa nganga wa Wakongo na inyanga wa Wazulu. Iweje basi msamiati wa maradhi utumike kwa watu waliogombana? Ni kwa sababu wenye lugha hii hawakupata kuutenga mwili na ujamaa.

Kitenzi kuuguza nacho kinashuhudia hayo. Kwa umbo lake ni kitenzi cha kusababisha, ilhali maana yake si kumfanya mtu augue, bali ni kuwa naye katika kuugua kwake. Ndiyo maana jirani hampi pole mgonjwa tu; humwambia na mkewe, “pole kwa kuuguza.”

Wala imani haikuachwa nje. Katika pwani yetu, aya za Kurani huandikwa sahanini kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji ya waridi, na mgonjwa akanywa. Hilo ndilo kombe. Mzee anayelinywa alfajiri, kisha akameza vidonge vyake vya shinikizo la damu baada ya chai, haoni mgongano wowote. Nami sioni, maadamu vidonge havikuachwa.

Tatizo huanza vinapoachwa. Mnamo 2011 maelfu ya watu, Wakenya wakiwamo, walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Huko Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri aliyefariki mwaka 2021, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 za Tanzania. Alisema kwamba Mungu ndiye aliyemwagiza. Wapo waliofia foleni, na wapo walioacha dawa za kupunguza makali ya Ukimwi. Wasomi walicheka, kicheko rahisi mno. Hawakujiuliza kwa nini mtu yule aliitwa Babu, wala kwa nini waziri na kabwela walikunywa kikombe kilekile, kwa bei ileile, kutoka katika mkono wake mwenyewe.

Katika wodi nyingi zetu, madaktari na wanafunzi wao hukizunguka kitanda wakizungumza Kiingereza juu ya kichwa cha mwenye mwili. Kisha huambiwa kwa ufupi, kwa Kiswahili cha kubabaisha, kwamba virusi “havionekani”. Daktari anamaanisha kwamba dawa imevipunguza hata kipimo hakiwezi kuvihesabu. Mgonjwa anasikia kwamba havipo. Jumapili mhubiri anamwambia kuwa Bwana amemponya, na kauli hizo mbili zinaafikiana masikioni mwake. Anaacha vidonge, baada ya wiki chache virusi vinaanza kuzaliana tena.

Ni nani wa kulaumiwa hapo? Wengi watamtaja mhubiri. Mimi ningeanza na neno lile “havionekani”. Kiswahili kinatofautisha kupata nafuu na kupona, na tofauti hiyo hata bibi asiyejua kusoma anaielewa. Haikutumiwa kwa kuwa daktari hakufunzwa kuitumia, wala hakufunzwa kumwita mke, au imamu, au mchungaji, ili naye ayasikie maelezo na kuyarudia nyumbani.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Walimu wa vitivo vya udaktari wanaweza kuanzia kwenye mtihani wa mwisho: mtahiniwa apewe mgonjwa halisi, aeleze kwa Kiswahili nafuu ni nini na kupona ni nini, huku yule anayemuuguza ameketi kando yake, na aruhusiwe kuuliza maswali.