Anayekoroma Hapumziki

Mtu akikoroma sana usiku, watoto wa nyumba hucheka, na asubuhi mgeni husema: «Baba alilala vizuri kweli!» Sisi nasi tulidhani hivyo siku nyingi. Tuliona kukoroma kuwa alama ya usingizi mzito wa mtu aliyefanya kazi na kushiba. Leo tunataka kuwaeleza, wasomaji wapenzi, kwa nini tumeacha kudhani hivyo.

Tulifundisha miaka kadhaa pamoja na mwalimu mmoja, mtu mpole, mnene, mwenye shingo kama ya fahali. Wanafunzi walipoandika zoezi, yeye alisinzia mezani. Mkaguzi alimkuta hivyo mara mbili, akamwandikia barua ya onyo. Watu walinong'ona kwamba anakesha pombeni. Hata sisi tulimkemea, na kukumbuka jambo hilo kwatutia haya, maana bibi yake alikuwa amekwisha kutupa habari kamili, nasi hatukuisikiliza. Alisema: «Hukoroma, kisha hunyamaza kabisa. Mimi hukaa kitandani nikihesabu, nikiwaza kwamba amekufa. Halafu hushtuka kama mtu aliyeibuka majini, huvuta pumzi kwa nguvu, akaanza tena kukoroma.»

Mama yule alikuwa ameueleza ugonjwa wenyewe. Waganga huuita apnea ya usingizi. Neno hilo ni la Kiyunani, na maana yake ni kukosa pumzi.

Tazameni jinsi unavyotokea. Njia ya hewa kooni, nyuma ya ulimi, haina mfupa wa kuizuia isifunge. Huwekwa wazi na nyama za mwili tu. Tukilala, nyama hizo hulegea na ulimi hurudi nyuma. Chukueni mpira laini wa kunywea, mvute kwa nguvu: pande zake zitashikana. Ndivyo koo la mtu huyu lilivyo. Njia ikiwa nyembamba, kuta zake hutikisika, nako ndiko kukoroma. Ikifunga kabisa, kifua na tumbo huendelea kujitahidi, lakini hewa haipiti. Damu hupungukiwa na oksijeni, ubongo huamka kidogo, nyama hukazana, hewa huingia kwa kishindo. Mwenyewe hajui neno. Asubuhi ataapa kwamba alilala usiku kucha.

Waganga huhesabu kila mara pumzi inapokatika, au kupungua sana, kwa sekunde 10 au zaidi. Mara 5 kwa saa ni dalili ya ugonjwa. Kuanzia mara 30, ugonjwa ni mkali. Fanyeni hesabu wenyewe: mara 30 kwa saa ni kukatizwa usingizi kila dakika mbili. Nani angeweza kufundisha, kulima au kuhesabu fedha za watu baada ya usiku wa namna hiyo? Kichwa huuma asubuhi, mtu husahau, hukasirika upesi. Damu hupanda, na moyo huchoka. Tena fikirini shofa wa lori anayesinzia katika makona ya Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola.

Lakini msichanganye ugonjwa huu na malale. Malale huletwa na mbung'o, na vijidudu vyake hukaa katika damu, hata kufika ubongoni. Katika nchi yetu ya Kongo bado yapo. Mtu anayesinzia mchana, mwenye homa na tezi zilizovimba shingoni, naye hukaa penye mbung'o, apimwe malale kwanza.

Zamani wenye apnea walihesabiwa kuwa wavivu tu. Mwaka 1965 waganga wa Ufaransa na Ujerumani walipima pumzi za waliolala, wakaona jinsi zinavyokatika. Dawa ya kwanza ilikuwa ya kutisha: kutoboa shingo ili hewa ipitie chini ya mahali panapofunga. Mwaka 1980, mjini Sydney katika Australia, mganga Colin Sullivan alichukua mota ya mashini ya kufyonza vumbi, akaigeuza ipulize, akapeleka hewa puani mwa mgonjwa aliyelala. Hewa ile ililisukuma koo likabaki wazi. Hata leo hiyo ndiyo dawa kubwa: mashini ndogo, mpira, na kifuniko cha pua. Haiponyi, usiku usiyoitumia, ugonjwa hurudi. Nayo ni ya bei kubwa na yataka umeme, jambo zito kwetu ambako taa huzimika ovyo.

Kuna na mambo yasiyo na gharama. Mnene apunguze uzito. Mtu alale kwa ubavu, si kwa mgongo. Aache pombe ya jioni na vidonge vya usingizi, maana hulegeza koo zaidi. Mganga wa meno aweza kutengeneza kifaa cha kuvuta taya mbele. Wembamba nao huugua, wasijidanganye.

Na ninyi walimu wenzetu, mtazameni mtoto anayekoroma kila usiku, alalaye kinywa wazi, naye darasani hatulii wala hashiki somo. Mara nyingi mafindofindo yake yamekua mno, na kuyaondoa humsaidia sana. Fimbo haitamsaidia.

Mwenzetu alipelekwa mjini na bibi yake, ambaye mganga alimsikiliza kuliko mgonjwa mwenyewe. Walimfunga vipimo kidoleni na puani usiku mmoja, ikaonekana. Mashini ilimchukiza mwanzoni. Aliing'oa usiku wa manane, akasema inamsonga. Bibi akairudisha. Baada ya majuma mawili alisahihisha madaftari yote jioni moja, jambo ambalo hatukupata kuliona kwake. Ile barua ya onyo ingali katika jalada lake.