Mtoto wa Kulea na Chungu cha Bibi

Wanachama wenzetu wengi wanaye mtoto wa ndugu nyumbani. Visiwani kwetu kulea mjukuu au mtoto wa dada si jambo geni, wala hatulihesabu kuwa sadaka. Lakini katika nchi ya Wahaya, wilaya za Bukoba na Muleba, jambo hili lilipata kuwa mzigo mkubwa mno, na yaliyoonekana huko yatufaa na sisi.

Ugonjwa wa UKIMWI ulitambuliwa Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 1983, mkoani Kagera. Walikufa baba na mama wenye nguvu zao, wakabaki wazee na wajukuu. Toka 1991 mpaka 1994 wataalamu waliwahoji na kuwapima watu wa nyumba zaidi ya 900 za mkoa huo, na mwaka 2004 wakarudi kuwatafuta wale wale. Wakaona ya kwamba mtoto aliyefiwa na mama kabla ya kutimia miaka 15 alipungukiwa urefu kiasi cha sentimita 2, na masomo yake karibu mwaka mzima. Upungufu huo haukufidiwa alipokuwa mtu mzima.

Kimo cha mtoto hutokana na afya na chakula. Kwa hiyo hapana budi tutazame jikoni.

Kibanja cha Mhaya kina migomba, mibuni na maharage pamoja. Chakula chake ni ndizi zilizopikwa na maharage chungu kimoja, zikafunikwa majani ya mgomba. Ndizi hutia nguvu, maharage hujenga mwili. Lakini bibi aliyechoka, asiye na senti, hupika ndizi tupu; mtoto hushiba wala hakui. Ndivyo ilivyo kwetu kwa muhogo au shelisheli bila ya samaki wala kunde. Tena mama akifa mapema huondoka na elimu yake, na binti hubaki hajui hata kupima chumvi.

Huko Nshamba, Muleba, mwaka 2003 lilianzishwa shirika la Kwa Wazee, linalowapa wazee posho ndogo ya kila mwezi, ili bibi aweze kununua dagaa na sabuni. Nao vijana mayatima wa huko waliunda chama chao, Vijana Simama Imara, wakisaidiana wao kwa wao na kuwasaidia wazee. Na katika Msumbiji, toka miaka ya 2003 na 2004, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula yalianzisha mashamba darasa ya watoto: mayatima na wenzao, wavulana kwa wasichana, walilima, walijifunza lishe, na walikula pamoja.

Sisi twaona jambo hili lawezekana katika kila tawi, bila ya fedha nyingi. Watoto wakutane siku moja au mbili kwa juma, baada ya skuli, nyumbani kwa bibi mmoja anayeaminika. Kila mmoja alete alichonacho: fungu la mchicha, kibaba cha kunde, nazi. Bibi afundishe kukuna na kutui, kuwasha moto kwa hadhari, kunawa mikono. Wavulana wasiachwe nje. Nao huishi kambini wakati wa mavuno, na njaa haichagui. Kisha wote wale sinia moja.

Jambo moja tulitilie mkazo. Kikundi kisiitwe cha mayatima. Waingie watoto wote wa mtaa, ili yule wa kulea asinyooshewe kidole. Mtoto akimenya muhogo pamoja na wenzake husema yaliyo moyoni, ambayo hayasemi akiulizwa uso kwa uso. Mkubwa aliyepo asikilize. Akisikia kuna anayepigwa au kunyimwa chakula, asinyamaze, apeleke khabari kwa sheha au ustawi wa jamii.

Basi wanachama, lileteni jambo hili katika mkutano wa tawi kabla ya mavuno kuanza, maana mavuno yakianza hapana mwenye nafasi, na mtoto hangojei msimu kukua.