Shimba Hills: Matembezi yanayofichua asili ya maji ya Pwani

MKAZI wa Mombasa afunguapo mfereji, huenda maji yanayotiririka yalianza safari yake katika Milima ya Shimba, Kaunti ya Kwale. Msitu huo uko takriban kilomita 30 kutoka jijini, lakini wengi wanaoutegemea hawajawahi kuukanyaga.

Njia nyepesi ya kuufahamu ni matembezi ya kwenda Maporomoko ya Sheldrick, ndani ya Hifadhi ya Kitaifa ya Shimba Hills iliyotangazwa rasmi mwaka 1968. Atokaye Likoni au Diani huiacha barabara kuu penye njia panda ya Kombani na kupanda hadi mji wa Kwale, ambao uko karibu na lango la hifadhi.

Matembezi huanzia Elephant Hill na ni ya takriban kilomita 2 kuteremka hadi majini. Wageni husindikizwa na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), kwani ndovu na nyati hupita humo. Kuteremka hakuchoshi, kijasho hutoka wakati wa kurudi. Mwishoni, maji huanguka kutoka jabali lenye urefu wa mita 21.

Ni kwa nini vijito hivi hububujika hata wakati wa kiangazi? Vilima hivyo, vilivyoinuka hadi takriban mita 450, huzuia pepo zenye unyevu kutoka Bahari Hindi. Hewa hupanda, hupoa, kisha huacha mvua na ukungu.

Matawi ya mivule, mibambakofi na miti mingineyo hupunguza kishindo cha matone. Majani makavu yaliyotanda chini huyazuia maji yasikimbie, nayo hupenya polepole katika udongo na mawe ya mchanga, kisha hujitokeza mabondeni kama chemchemi. Mojawapo ni Marere, ambayo maji yake hupelekwa Mombasa kwa mabomba.

Miti ikikatwa, mvua haikomi kunyesha, lakini maji huporomoka kwa siku chache yakibeba udongo, kisha vijito hukauka. Anayeumia kwanza ni mwanakijiji wa Kwale achotaye maji mtoni. Mkazi wa jijini hufuata.

Msitu huo pia ndio makao ya pekee ya palahala wa mwituni nchini Kenya. Hata hivyo, ulinzi wake una gharama kwa majirani, ambao mashamba yao huvamiwa na ndovu. Mwaka 2005, KWS liliwahamishia baadhi ya ndovu hao Tsavo Mashariki.

Kwa hivyo, kuulinda msitu si jukumu la KWS na wakazi wa Kwale pekee. Anayekunywa maji ya Shimba akiwa Mombasa naye ana deni.